Kushusha mwamba, kupandisha vifaa: mabega, punda, pikipiki, barabara au waya?

Mvua zikishakata tu huku kusini, mwezi wa tano kwenda wa sita, simu zinaanza. Mtu ana duara lake, yaani shimo la kuchimbia madini, juu ya kilima upande wa Ruangwa au Nachingwea mkoani Lindi, mwamba upo, leseni ya uchimbaji mdogo anayo, vijana anao, ila mawe yako juu na maji, karasha (mashine ya kuvunjia mawe) na barabara viko chini, na katikati kuna mteremko ambao hata mbuzi anashuka kwa kuchagua pa kukanyaga. Swali lake ni moja, nishushe na nini?

Mimi nimekaa miaka kadhaa kwenye kazi ya kuhesabu viroba na kulipa wabebaji, na kabla ya hapo nilibeba mwenyewe, na nilichokiona ni kwamba watu wengi hela yao haiishii duarani, inaishia njiani. Mtu anaona jirani kanunua guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, na yeye ananunua guta, wakati kilima cha jirani kimelala na chake kimesimama. Kwa hiyo naweka hapa njia tano tunazozijua, kila moja kwa vipimo vilevile, halafu mwisho utajiangalia wewe uko kundi gani.

Vipimo kwanza

Cha kwanza ni uzito unaoshuka kwa siku, uupime kwa mizani, usikisie kwa macho. Cha pili, ambacho watu wanakisahau kabisa, ni uzito unaopanda: maji, dizeli, magogo ya kuegeshea duara, saruji, unga, na siku moja moja kitu kizito kama kompresa. Cha tatu ni kimo, yaani duara liko mita ngapi juu ya pale gari linapofika (hata simu yenye GPS itakupa makadirio, pima juu, pima chini, toa). Halafu msimu, na kwetu msimu ni vitu viwili, mvua na korosho. Halafu hela, ile ya kuanzia na ile ya kila siku, usizichanganye. Halafu hatari kwa watu.

Ili tuongee lugha moja nachukua mfano mmoja mpaka mwisho. Duara liko mita 150 juu ya barabara, njia ya mguu ina mita 700, ukinyoosha moja kwa moja hewani ni kama mita 380. Kwa siku zinatoka viroba 60 vya kilo 50, yaani tani 3.

Na kabla hujashusha hata kiroba kimoja, chambua juu. Weka watu wawili wenye jicho wakae na nyundo pale mdomoni mwa duara watenge mwamba wenye mshipa wa madini na kifusi. Kama theluthi ya unachoshusha ni jiwe tupu, umelipa nauli ya tani moja kila siku kwa kitu utakachokimwaga chini.

Uzito unaoshuka

Mabega. Kijana mwenye nguvu anabeba kilo 40 kwa njia kama hiyo, kwenda na kurudi na kupumzika ni kama dakika 40, kwa siku tuseme safari 10. Ni kilo 400. Tani 3 zinataka watu saba au nane kila siku, na hao hawachimbi, wanabeba tu.

Punda mzima anayefanya kazi kila siku mlimani usimpe zaidi ya kilo 50, watu wanampa 80 na mgongo unachubuka wiki ya pili. Safari sita, kilo 300, kwa hiyo kwa mfano wetu unataka punda kumi. Faida yake ni kwamba njia ya mguu inamtosha, na mtu mmoja anaongoza watatu au wanne.

Pikipiki inabeba viroba viwili kwenye njia nzuri, na ikipiga safari 15 ni tani moja na nusu, mbili zinamaliza kazi. Guta, wengine mnaita toyo, linabeba nusu tani na zaidi kwenye tambarare. Lakini angalia, mita 150 za kimo kwenye njia ya mita 700 ni mteremko wa zaidi ya 20 kwa 100, huo si wa kuteremka na mawe nyuma ya mgongo. Hapo unabeba nusu ya mzigo au unarefusha njia, na ukishaanza kurefusha njia umeanza kujenga barabara bila kujijua.

Barabara ya gari, Canter moja inamaliza tani 3 kwa safari moja, trekta na tela vilevile. Hakuna kinachoigusa kwa wingi.

Waya. Namaanisha ule wa vikapu viwili, kimoja juu kimoja chini, vimeunganishwa na waya mmoja wa kuvutia unaozunguka kapi kubwa lenye breki kule juu. Kikapu chenye mwamba kikishuka kinavuta kile chepesi kiende juu, hakuna injini. Kilo 120 kwa kikapu, dakika tano kupakia, kushusha na kumwaga, safari 25 zinamaliza tani 3 kwa saa mbili hivi. Huu si ugeni nchini. Wajerumani kabla ya Vita ya Kwanza walikuwa na waya wa kushusha mbao kutoka msitu wa Shume kule Usambara hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Argentina mwanzoni mwa miaka ya 1900 walivuta waya wa karibu kilomita 35 kutoka Chilecito hadi migodi ya La Mejicana iliyo juu ya mita 4,000. Gabon walisafirisha manganizi ya Moanda kwa waya wa kilomita 76 hadi Kongo tangu 1962, na walikuja kuuacha 1986 baada ya kupata reli yao. Wa kwetu ni wa mita 380, ila kanuni ni ileile.

Uzito unaopanda

Hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Mabega yanapandisha chochote, hata gogo la mita tatu kwenye kona, na kompresa ukiifungua vipande ikabebwa na watu wanne kwenye mti. Ila maji kwa mabega ni maumivu, dumu moja la lita 20 ni kilo 20 na likifika juu linaisha kwa kuchoronga mashimo mawili matatu. Punda anabeba madumu mawili vizuri kabisa, magogo hapendi, yanagonga miti na kumyumbisha. Pikipiki ni nzuri sana kwa kupanda, dizeli, chakula, spea, mtu anapiga simu asubuhi na saa nne kitu kiko juu. Gari linapandisha vyote, na kama una karasha unataka kuipeleka juu nzima nzima basi ni gari tu, hakuna ujanja mwingine.

Waya nao una hesabu tamu. Milima ya Nepal wanatumia waya wa namna hii kushushia mazao, na kipimo chao ni kwamba uzito unaoshuka uwe kama mara tatu ya unaopanda. Kwa mfano wetu kila kilo 120 zinazoshuka zinapandisha kilo 40, yaani madumu mawili. Safari 25 ni madumu 50, lita 1,000 za maji juu ya kilima bila tone la dizeli. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza, kikapu cha maji kinapanda kimya kimya juu ya vichaka na pembeni kuna akina mama waliokuwa wanayabeba maji hayo kichwani wiki iliyopita wamesimama wanaangalia, ngata bado mkononi, nilielewa kwamba mwamba nao ni mafuta ukiwa juu. Lakini kitu kirefu au kizito kuliko kikapu hakipandi, na siku ambayo hakuna mwamba wa kushusha, hakuna maji.

Baruti ni habari yake peke yake kwa njia zote tano. Vibali vyake viko kwa watu wa madini, na baruti na fataki zake za kuilipulia visipakiwe pamoja hata siku moja, si kwenye guta, si kwenye kikapu, si kwenye begi la mtu wa bodaboda aliyepakia na abiria.

Mvua na korosho

Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa mwezi wa 11 au wa 12 na zinakwenda hadi wa nne. Barabara ya udongo isiyo na mitaro na moramu inakatika mvua ya tatu, nimeona njia iliyochongwa kwa greda mwezi wa nane, mwezi wa pili imekuwa korongo ambalo hata pikipiki haipiti. Pikipiki na guta zinafuata barabara, njia ikiteleza zimekwisha. Mabega na punda vinapita mvua ikikatika, taratibu. Waya haujali tope, unajali radi na upepo, wingu likifunga unashusha vikapu unafunga breki watu wanaondoka kwenye mnara.

Kwa wachimbaji wa kinywe (grafiti) wa Ruangwa nina neno la ziada, vumbi la kinywe linateleza lenyewe kama limepakwa mafuta, likichanganyika na maji njiani mtu anakwenda chini na kiroba chake, na likiingia kwenye breki, ya guta au ya waya, breki haishiki. Funika breki na uifute kila asubuhi.

Korosho sasa. Kuanzia mwezi wa tisa na wa kumi kila mtu yuko shambani, anaokota, anabangua za kula, anapeleka maghalani. Wabebaji wako wanane wanabaki watatu, na hao watatu wanataka bei nyingine, na wana haki, maana mikorosho yao haiwasubiri. Bodaboda nao wanabeba magunia ya korosho na hawana muda wa mawe. Kwa hiyo njia inayotegemea watu wengi inakufa mwezi wa kumi, na inayotegemea barabara inakufa mwezi wa kwanza. Ukiweka hizo mbili pamoja unaona kwamba mabega na pikipiki vina miezi minne mizuri, Juni hadi Septemba, na magogo, saruji na dizeli yote ya masika viwe vimeshapanda kabla mwezi wa tisa haujaisha.

Punda wanaonekana wameokoka hapo, lakini huku kwetu punda ni wageni. Wengi wanaletwa kutoka Dodoma na Singida, na sehemu nyingi za Liwale na Nachingwea bado kuna mbung'o, punda akipata nagana, ugonjwa wa mbung'o, anakonda mbele ya macho yako na fundi wa mifugo yuko kilomita 40. Ukiwa nao weka dawa na mtu wa kuwajua.

Hela

Nitatumia namba za mfano tu, wewe weka za kwako. Mabega hayana hela ya kuanzia. Ukilipa shilingi 1,000 kwa kila kilo 50, tani 3 ni 60,000 kwa siku, siku 25 ni milioni moja na laki tano kwa mwezi, kila mwezi, na haipungui. Hiyo namba iandike ukutani, ndiyo ya kulinganisha na kila kitu. Kama waya na minara na fundi vinakugharimu milioni tisa na unabaki na watu watatu wa kuuendesha kwa laki sita, basi unaokoa laki tisa kwa mwezi, waya umejilipa baada ya miezi kumi. Kama mwamba wako utaisha baada ya miezi minne umetupa hela.

Barabara ina siri yake kwenye kimo. Gari lenye mzigo linataka mteremko usiozidi kama 10 kwa 100, maana yake mita 150 za kimo zinataka kilomita moja na nusu ya barabara yenye kona, haijalishi kilima kiko karibu kiasi gani kwa macho. Kilomita moja na nusu ya kuchonga, kuweka mitaro, kumwaga moramu, na kila mwaka baada ya masika unairudia. Na inapita kwenye mashamba ya watu. Leseni yako haikupi ruhusa ya kung'oa mkorosho wa mtu, unakaa na mwenye shamba na serikali ya kijiji, mnahesabu miti, unalipa fidia, mnaandikiana. Waya unapita juu ya mikorosho hiyo hiyo na unahitaji maeneo madogo ya minara tu, ila hata hapo omba, mtu hapendi mawe yapite juu ya kichwa chake bila kuulizwa.

Na tusisahau ya kwetu. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya karanga za mradi wa Waingereza ulioanza 1947, mradi ukafa 1951, karanga za kujaza mabehewa hazikuja, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Wazee wetu wameona mataruma yakiondoka. Usijenge njia ya tani 30 kwa siku kwa duara ambalo bado hujui linatoa tani 3 kwa miezi mingapi.

Hatari

Mjomba wangu alibeba mawe miaka yake ya ujana. Leo kupanda ngazi anapanda, kushuka anashuka kinyumenyume ameshika ukuta, maana kilichommaliza si kupanda, ni kushuka na uzito, magoti ndiyo yanayofunga breki. Ukichagua mabega weka kilo 40 mwisho, weka vituo viwili vya kutua mzigo kimo cha bega ili mtu asiiname, na nunua viatu vya kushika, kijana aliyevaa malapa na kiroba kichwani kwenye changarawe ni ajali inayosubiri siku.

Guta likishindwa breki mteremkoni dereva ana sekunde mbili za kuruka. Mpe gia ndogo toka juu, jiwe la kuzuia tairi liwe mkononi mwa mtu wa pili, na asikae mtu juu ya mzigo. Gari hatari yake ni ukingo wa barabara uliokula maji. Punda hatari zaidi ni kwake mwenyewe.

Waya ndio wenye watu wachache hatarini na ndio unaoua ukikosewa. Sehemu moja niliyofanya kazi tulinunua waya uliotumika, bei ikatufurahisha, tukaukaza sana ili usilegee kwa sababu ulionekana mzuri ukiwa umenyooka. Wiki ya tatu nyuzi zikakatika kwenye kapi, kikapu kikashuka peke yake, kikavunja jukwaa la chini lote. Watu walikuwa wameitwa kula. Dakika kumi kabla walikuwa wamesimama pale wanne.

Kukaza ndiko kulikotuponza, na hesabu yake ni rahisi. Waya wa mita 380 ukiuacha ulegee mita 19 katikati, kilo 100 zikifika katikati zinauvuta kwa kama kilo 500. Ukiukaza ulegee mita tisa na nusu tu, mzigo uleule unauvuta kilo 1,000, na hapo bado uzito wa waya wenyewe. Kwa hiyo waya ulegee, na nguvu yake ya kukatika iwe mara tano ya mvuto wote. Klempu za mwisho, vile vibano vya chuma vya kufungia ncha ya waya, ziwe tatu au zaidi, na kile kiti cha klempu kikae upande wa waya unaobeba mzigo, ile bolti ya umbo la U ibane mkia. Ukigeuza, U inaung'ata waya ulio hai. Breki ziwe mbili. Na mtu asipande kikapuni, hata mgonjwa, hata tajiri mwenye duara, kikapu ni cha mawe.

Sasa wewe uko wapi

Kama unachimba vito na kwa siku unashusha mfuko mmoja au miwili, mabega, usihangaike, na ulinzi ni rahisi kwa sababu anayebeba unamjua.

Kama duara ni jipya na hujajua mshipa unakwenda wapi, mabega msimu mmoja na pikipiki kwa kupandisha vitu, na daftari. Kila kiroba kiandikwe, kilichoshuka na kilichopanda. Hilo daftari ndilo litakaloongea na fundi wa waya au mwenye greda mwaka kesho.

Kama kilima kimelala na kimo hakizidi mita 50 au 60, barabara fupi yenye mitaro na guta au trekta itakutosha, waya hapo ni kujichosha, maana mteremko mdogo hauvuti kikapu vizuri.

Kama mko maduara matano sita kilima kimoja, changeni barabara moja, mgawane kwa viroba na muwe na mtu mmoja wa kuitengeneza kila baada ya mvua kubwa, maana barabara ya wote bila mtu wake haivuki masika.

Kama njia ni nyembamba, mwamba ni tani moja kwa siku na una mtu aliyekulia na wanyama, punda wanne wazuri wanakufaa, mbali na mbung'o.

Kama kimo ni kikubwa, mwamba ni wa uhakika kwa mwaka na zaidi, maji yako bondeni na kati yenu kuna mashamba ya watu, hapo piga hesabu ya waya kwa makini, lipa fundi aliyewahi kuujenga, nunua waya mpya wenye karatasi yake.

Na kama waya unao tayari na umeanza kuusikia unakwaruza kwenye kapi, simamisha leo. Chukua kitambaa cha pamba, kizungushe kwenye waya, mtu avute taratibu toka mwanzo hadi mwisho, na pale kitambaa kitakaponasa ndipo nyuzi zimeanza kukatika.